Roget na Hornby mezani kwa mtafsiri: nani anaijua mishtuko ya Kiingereza?

Mimi kazi yangu ni kutafsiri tamthilia. Skripti hunifikia kwa Kiingereza hata kama waigizaji wenyewe wanaongea Kituruki au Kikorea, nami natoa Kiswahili cha kusomwa na waingiza sauti studio. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda na maneno ya mapenzi. Wapi! Ninashinda na mishtuko. Sijaona kipindi kinachoisha bila mtu kufungua mlango akakuta asilolitegemea, na Kiingereza kina rundo la maneno ya hali hiyo: "startled", "taken aback", "stunned", "blindsided", "gobsmacked", "caught off guard", "caught red-handed". Mtafsiri mwenye haraka huyaandika yote "alishangaa", akaenda zake. Tatizo ni kwamba mama aliyekaa sebuleni kwake Mbagala anauona uso wa mwigizaji. Kiingereza huenda hakijui, lakini uso wa mtu aliyefumaniwa anaujua vizuri, na "nimeshangaa" haliendani na uso ule.

Kwa hiyo tathmini hii ya vitabu viwili vinavyokaa mezani kwangu haina upana mkubwa. Sitavipima kwa wingi wa kurasa wala uzuri wa jalada. Nimevipima kwa jambo moja: mtu anapokutwa ghafla na jambo, kitabu kinaniambia nini kuhusu neno la Kiingereza alilopewa? Nani kakutwa, nani kamkuta, na limempata kwa uzito gani?

Cha kwanza ni Roget's Thesaurus. Nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta kwa shilingi elfu kumi na mbili, mgongo umechakaa lakini kurasa zote zimo. Kijana aliyeniuzia alikuwa mkweli kuliko maduka mengi yenye kiyoyozi.

"Anti, hiyo usidhani ni kamusi," aliniambia huku akiipangusa vumbi. "Ina maneno tu. Haina maana."

Sijapata kusoma tathmini ya kitabu hiki iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo. Roget hana maana, kwa maana ya kwamba hakuelezi neno. Anakupa majirani wa neno, basi, umchague mwenyewe anayekufaa.

Peter Mark Roget alikuwa daktari, mzaliwa wa London wa mwaka 1779. Orodha yake aliianza mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe, akaja kuichapisha mwaka 1852, tayari ana miaka 73 na ameshatumikia ukatibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, kwa zaidi ya miaka 20. Baada yake mwanawe John Lewis aliiendeleza, kisha mjukuu Samuel Romilly. Jambo lililomtofautisha na watunga kamusi ni kwamba hakufuata alfabeti. Aliyagawa mambo yote ya ulimwengu katika makundi 1000, la kwanza likiwa Kuwepo na la mwisho Hekalu, na chini ya kila kundi akamwaga maneno yote aliyoyaona yanahusika. Alfabeti iko nyuma tu, kwenye faharasa: unatafuta neno, unapewa namba, unarudi mbele kuisaka namba. Mwanzoni inachosha. Ukishazoea, vidole vinakwenda vyenyewe.

Sasa, mshtuko uko wapi katika ulimwengu wa Roget? Uko sehemu mbili, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mzee huyu. Kundi la 508 ni la kutotarajia. Liko katika fungu la Akili, limebanwa kati ya 507, kutarajia, na 509, matarajio yaliyovunjika. Halafu kuna kundi la 870, mbali kabisa huko kwenye fungu la Hisia, nalo ni la kustaajabu. Daktari aliona kwamba kukutwa hujajiandaa ni jambo moja, na kupigwa na mshangao ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huja pamoja.

Kwetu hilo halihitaji maelezo marefu, maana Kiswahili kimeshalitenga zamani. Mdaiwa anayegongewa mlango alfajiri na mdai wake ameshtukizwa, lakini hajastaajabu hata kidogo. Alijua mtu huyo atakuja, tatizo ni kwamba hakujua kama ni leo. Na mtu aliyeusubiri Mlima Kilimanjaro utoke mawinguni tangu asubuhi anastaajabu unapotoka, wala hakuna aliyemshtukiza. Nikipata neno la Kiingereza ninaloliona gumu, siku hizi swali langu la kwanza ni hilo: huyu wa 508 au wa 870? Swali hilo peke yake limenirudishia elfu kumi na mbili zangu.

Kisha kuna raha yenyewe ya kusoma makundi hayo. Katika 508 utakutana na "catch napping", kumkuta mtu anasinzia. "Throw off one's guard", kumtoa mtu kwenye lindo lake. "Drop from the clouds", kudondoka kutoka mawinguni. Katika 870 unakuta "strike dumb", kumfanya mtu bubu. "Petrify", kumgeuza jiwe. "Take away one's breath". Na moja refu la ulimi kunata kwenye kaakaa. Ukiyasoma kwa mfululizo unagundua kwamba Kiingereza hukimbilia mwilini kama sisi tunavyofanya. Kwetu mdomo unabaki wazi, ulimi unakuwa mzito, nywele zinasisimka, miguu inaisha nguvu, moyo unafanya paa! Mtafsiri anayejua hilo hana haja ya kung'ang'ania "nimeshangaa sana, nimeshangaa mno". Anachagua kiungo.

Ila sasa, udhaifu. Roget anatenganisha maneno kwa alama ya mkato tu. "Startle" na "stun" wanakaa safu moja, mabega kwa mabega, mgeni akadhani ni mapacha. Si kweli. Upepo ukibamiza mlango, unagutuka, halafu unaendelea na chai yako: hiyo ni "startle". "Stun" ni mama aliyeambiwa kwamba mwanawe aliyezikwa mwaka jana yuko sebuleni. Huyo kaduwaa, hasikii, haoni, chai imepoa na hajui kama alikuwa na kikombe mkononi. Kwenye skripti, la kwanza linanipa sauti tu, "Uuh!" au "Mama yangu!", na la pili linanipa ukimya wa kujaza au kuuacha. Kitabu kinachoyaweka pamoja bila kusema lolote kinaniachia kazi yote.

Na kuna maneno ambayo Roget anayataja kana kwamba kila msomaji wake amewahi kupanda merikebu. "Take aback" ni mojawapo. Asili yake ni baharini: upepo unaposhika matanga kwa mbele badala ya nyuma, ukayasukuma yakalala kwenye mlingoti, chombo husimama au hurudi nyuma. Nilimpigia simu mjomba wangu Tanga, aliyekuwa nahodha wa jahazi mpaka magoti yalipomkatalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Leo umekumbuka wazee?"

Nikamwuliza upepo ukigeuka ghafla ukalipiga tanga kwa upande usio wake, inakuwaje.

"Ehee! Ukiona hivyo ujue nahodha alikuwa anapiga soga," akasema. "Tanga linajibamiza kwenye mlingoti, foromali inalia, chombo kinakufa pale pale. Watu wote wananyamaza. Hapo hakuna anayeuliza, kila mtu anamwangalia mshika usukani."

Basi nikaelewa kitu ambacho orodha haikunipa. Katika "taken aback" hakuna kelele. Kuna mtu aliyekuwa anakwenda vizuri, mara mwendo ukakatika, na watu wanamwangalia. Bibi harusi anaingia sebuleni kwa mama mkwe anacheka, anaambiwa, "Kumbe ndio nguo uliyoichagua." Tabasamu linabaki usoni lakini halina mwenyewe. Baadaye anamsimulia shoga yake, "I was taken aback," na mimi nikaandika, "Hilo sikulitegemea." Fupi, linaenda na midomo ya mwigizaji, na lina ile adabu ya mtu aliyeumizwa mbele ya wakubwa. "Nilipigwa na butwaa" lingekuwa kumtwisha mzigo asiokuwa nao.

Niseme na hili kabla sijamwacha mzee Roget. Usinunue kwa bei mbaya. Maandishi ya chapa ya 1911 yanapatikana bure kwenye mtandao wa Project Gutenberg. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanzakwanza kuwekwa pale, mwaka 1991. Ukiwa na simu na bando kidogo unayo yote, na kutafuta neno ni rahisi kuliko kwenye karatasi. Jua tu kwamba ni Kiingereza cha zama za taa za mafuta. Maneno ninayokutana nayo kila wiki, "gobsmacked" na "blindsided", usiyategemee humo. Chapa mpya za karatasi zinayo mengi zaidi, lakini hizo ni za kununua.

Kitabu cha pili wengi mmekiona shuleni, pengine kimefungiwa kwenye kabati la mwalimu wa taaluma: Oxford Advanced Learner's Dictionary. Historia yake inanifurahisha kwa sababu haikuanzia Oxford. Aliyeianzisha, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani tangu mwaka 1924, na yeye na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, waliiandaa kwa ajili ya wanafunzi wa kule. Ilitoka Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na Oxford wakaichapisha kwao mwaka 1948. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa kamusi ya watu kama sisi, watu ambao Kiingereza wamekikuta darasani. Waingereza wenyewe haikuwalenga. Hilo linaonekana kila ukurasa. Haikudharau kwa kutojua, wala haidhani kwamba umewahi kupanda merikebu.

Chapa ya 10 ilitoka mwaka 2020. Mimi ninatumia ya karatasi kwa kazi ya utulivu na ile ya mtandaoni, ambayo ni bure, nikiwa studio. Ya mtandaoni inatamka pia, Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, ingawa kwa kazi yangu matamshi si kitu.

Fungua "surprise". Pale utakuta kisanduku cha visawe kinachowaweka ndugu pamoja: "startle", "amaze", "stun", "astonish", "take aback", "astound". Tofauti na Roget, hapa kila ndugu anasema kazi yake. "Startle" ni mshtuko wa ghafla wenye hofu kidogo ndani yake. "Take aback" mara nyingi hutumika katika kauli ya kutendwa, na kinachomkuta mtu ni kibaya au cha ajabuajabu. Yaani mamkwe yule yule, kamusi imemwona. "Stun" linamkuta mtu akashindwa kufikiri au kusema. Kwa mtafsiri maelezo ya namna hii ni mali. Ninajua mara moja ni nani wa kumwandikia "kagutuka", nani "kaduwaa", na nani "amekosa la kusema".

Lakini si kila mahali. "Amaze" na "astonish" zinaelezwa karibu kwa maneno yale yale, kumshangaza mtu sana, na hapo Hornby na Roget wanakuwa sawasawa. Nikitaka kuzitenganisha hizo natazama asili yake. "Astonish" inatokana na neno la Kilatini la ngurumo, na "stun" ni ukoo huohuo. Ni mtu aliyepigwa radi. "Amaze" ina undugu na "maze", njia za kupotezana. Ni mtu aliyepotea. Mwenye radi nampa "butwaa", aliyepotea nampa "hata sielewi". Wenye lugha yao huenda hawakumbuki tena, lakini kwangu ni njia nzuri ya kupiga kura pale kamusi inapokaa kimya.

Kinachonifanya niipende zaidi ni alama ndogo zinazokuambia neno ni la nani. "Gobsmacked" imeandikwa kuwa ni ya Uingereza na ya mazungumzo ya kawaida. "Gob" ni mdomo, tena kwa lugha isiyo na adabu sana, na "smack" ni kofi. Kwa hiyo mtu kachapwa kofi la mdomo, au kajiziba mdomo kwa kiganja. Jaji hawezi kulisema akiwa mahakamani. Dereva wa teksi wa Manchester, sawa. Kwa hiyo dereva nampa "niliachwa hoi" au "nilibaki mdomo wazi", na jaji akisema "I am astonished" nampa "nimestaajabu", kwa utuo na kola yake. "Flabbergasted" nalo ni la mazungumzo, na lina umri mkubwa kuliko unavyodhani: lilishatajwa kuwa ni neno jipya la mtindo mwaka 1772, na mpaka leo asili yake haijulikani kwa hakika. Linachekesha hata ukilitamka. Kwa mhusika wa vichekesho huwa natafuta neno la Kiswahili lenye sauti kama hiyo, na "bumbuwazi" halijawahi kuniangusha.

Sasa twende kwenye upande wenye moto, maneno yanayoanza na "caught". Hapa Kiingereza kinaweka watu wa aina mbili chini ya mwavuli mmoja. Kuna aliyekuwa hajajiandaa tu: "caught off guard", "caught unawares", "caught flat-footed", huyu wa mwisho kasimama nyayo chini zote wakati mpira unampita. Hana dhambi. Na kuna aliyekuwa anafanya lisilofaa: "caught red-handed", mikono bado ina damu, usemi uliotoka kwenye sheria za Scotland. Kitenzi ni kilekile, "catch", lakini mmoja anastahili pole na mwingine anastahili pingu.

Roget kwa hili yuko sawa kuliko nilivyotegemea. "Red-handed" hakuiweka na mshangao hata kidogo. Utaikuta kundi la 947, Hatia, pamoja na kile Kilatini cha mawakili, "in flagrante delicto", yaani kukutwa katika tendo lenyewe. Hornby anakupa maana na mfano, kazi imekwisha. Lakini hakuna kati yao anayeweza kunisaidia na tukio linalotokea karibu kila tamthilia: mke anafungua mlango wa chumba cha hoteli. Kiingereza kinasema "I caught them", halafu kinabaki kinategemea picha ikueleze walikuwa wanafanya nini. Kiswahili kinasema "Niliwafumania", na hata aliye jikoni anakaanga samaki anaacha mwiko aje aone. Hapo ni Kiingereza kinachoomba msaada. Mwizi simpi neno hilo kirahisi. Mwizi amekutwa na kidhibiti mkononi, au kwa lugha ya mtaani amebambwa. Hili la mwisho nilipoliandika kwenye kazi iliyokuwa inaelekea Nairobi, mhariri wa huko alinipigia akicheka. Kwao kitu kikikubamba kinaweza kuwa kimekufurahisha, kama muziki mzuri. Tukakubaliana "amenaswa".

Kwa "blindsided" hakuna kitabu kilichonisaidia kuliko hasira za mwigizaji mwenyewe. Neno limekomaa kwenye mpira wa Kimarekani, mchezaji anapigwa kutoka upande ambao macho yake hayafiki. Katika tamthilia ni mke aliyesoma habari ya talaka yake gazetini, au mkurugenzi aliyeingia kikaoni akakuta wenzake wameshapiga kura. Nikatazama uso wa yule mama, nikaandika: "Mmenizunguka!" Studio nzima iliitikia kwa kichwa. "Ambushed" ya kikaoni nayo ni ndugu yake, ila hiyo imetoka porini, kwenye kichaka cha kujificha, na Kiswahili kina "mmenivizia" tayari.

Kuna jambo jingine nililolipima kwa vitabu vyote viwili kwa sababu ya siasa zetu. Novemba 2015, Rais Magufuli akiwa ndio kwanza ameapishwa, alikwenda Wizara ya Fedha kwa miguu bila taarifa, siku chache baadaye akatokea Muhimbili. Tangu hapo "ziara ya kushtukiza" ni msemo wa kila mkuu wa wilaya. Magazeti yetu ya Kiingereza hupenda kuiita "impromptu visit". Ukilifuata neno hilo kwenye kamusi, "impromptu" ni jambo lisiloandaliwa: hotuba ambayo msemaji hakuiandika. Asiyejiandaa, basi, ni anayefanya. Katika ziara ya kushtukiza mambo ni kinyume: mgeni kajiandaa vizuri, tena na waandishi wa habari yuko nao, asiyejiandaa ni daktari wa zamu. "Unannounced" ndilo linalofaa, au "surprise" lenyewe, ambalo katika Kiingereza cha zamani lilikuwa pia neno la kijeshi, kuvamia na kuteka kabla adui hajashika silaha. Ukiuliza nani kakutwa na nani kamkuta, jibu linakuja lenyewe.

Tahadhari kwa wenzangu mnaotafsiri skripti zenye mkono wa Mmarekani: "nonplussed". Limetoka kwenye Kilatini cha "hapana zaidi", mtu aliyefika ukutani, hana la kusema wala la kufanya. Hornby anakupa maana hiyo. Lakini Wamarekani wengi siku hizi hulitumia kwa kinyume chake kabisa, mtu asiyebabaika, na kamusi zao zimeshaiorodhesha maana hiyo pia. "He looked nonplussed" inaweza kuwa kababaika, inaweza kuwa hata habari hana. Kabla hujaandika, itazame video. Hakuna kitabu mezani kwangu kitakachokuokoa hapo.

Vilevile wanyama. Mtu aliyeganda kwa mshtuko, Mwingereza humfananisha na sungura mbele ya taa za gari, Mmarekani na kulungu. Usihangaike kuwahamisha wanyama hao. "Aliganda" inatosha, na muda wa midomo unabaki.

Kuhusu kununua. Mwanafunzi wa sekondari au mwalimu: Hornby, usimfikirie Roget kwanza. Orodha isiyo na maelezo itamfundisha mtoto kuandika kwenye insha kwamba bibi yake alikuwa "petrified" kwa zawadi ya kanga. Mtafsiri, mwandishi wa habari, mtu wa maandiko: vyote viwili, Roget kwenye simu bila kulipa, Hornby mezani. Na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, iwe karibu, ingawa hiyo inastahili tathmini yake peke yake. Mwenye mtandao wa uhakika anaweza kuishi na Hornby ya mtandaoni tu. Mimi siwezi, kwa sababu studio zetu ziko chini ya jengo na mtandao hauteremki ngazi.

Hornby ya karatasi ni nzito, haibebeki kwenye daladala pamoja na chakula. Chukua yenye jalada laini. Kuna nakala za kurudufu zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutamanisha. Karatasi yake inapitisha mwanga na zile alama ndogo za "informal" zimefifia hata husomi, nazo ndizo unazolipia. Ukienda kwenye mitumba, usitazame jalada. Fungua herufi S, ukurasa wa "surprise", uone kile kisanduku cha visawe kimo na kinasomeka. Kama ukurasa umechanwa, omba nyingine.